Usiende Lisbon bila Kuuliza Majira

Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi, akapewa rubani aliyezijua pepo za Bahari ya Hindi. Tarehe 24 mwezi huo akatweka tanga, kusi ndiyo kwanza inaanza, na tarehe 20 Mei alikuwa Calicut. Mwezi haukutimia. Wakati wa kurudi hakusubiri. Aling'oa nanga India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijashika, akakaa majini karibu miezi mitatu. Mabaharia wake walikufa kwa kiseyeye, na waliobaki walipofika huku kwetu walikuwa wachache mno hata meli moja ikachomwa moto kwa kukosa watu wa kuiendesha. Nahodha yeyote wa jahazi wa Lamu au wa Kilwa angemwambia avumilie wiki chache tu.

Mwongozo huu ni wa mji alikotoka mtu huyo, na ushauri wangu wa kwanza kwako ni ule ambao yeye hakuufuata: uliza majira kwanza, ndipo ukate tiketi. Wengi wetu huenda Ulaya likizo inapopatikana, Julai au Agosti, shule zikifungwa huko na ndugu zetu wanaoishi huko wakiwa na nafasi ya kutupokea. Kwa Lisbon, huo ndio wakati mbaya kuliko yote. Kama unakwenda mara moja tu maishani, nenda kati ya katikati ya Aprili na katikati ya Mei. Kama umeshawahi kwenda, rudi Novemba. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tuyaweke sawa majira yenyewe.

Majira yao na yetu yamepishana

Wakati Mombasa na Dar es Salaam zinapoa, Juni hadi Agosti, Lisbon ndiyo inawaka. Wakati joto la Januari na Februari linatutoa jasho hata chini ya feni, Lisbon kunanyesha na watu wanakula wamevaa makoti. Theluji usiitarajie, maana huanguka kwa nadra sana. Mchana wa Januari ni kama nyuzi 15, usiku hushuka hadi 8 hivi, na kwa mtu wa Njombe, Lushoto au Limuru hiyo si baridi ya kutisha. Kinachowashinda wageni ni baridi ya ndani ya nyumba, nayo nitairudia.

Jambo la pili ni jua. Sisi tumezoea jua linalochomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwaka mzima. Lisbon mwezi Juni jua huzama saa tatu usiku imeshapita. Desemba huzama saa kumi na moja na robo jioni, na asubuhi halionekani mpaka karibu saa mbili. Ukiwa Mwislamu, utakuta magharibi ya Desemba inaingia wakati maduka yote yako wazi na isha ya Juni inaingia usiku mkubwa, kwa hiyo pakua ratiba ya swala ya mji huo kabla hujaondoka. Msikiti Mkuu wa Lisbon uko karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa mwaka 1985, na miongoni mwa waumini wake wako wenye asili ya Msumbiji, kwa hiyo usishangae ukiona sura na mapishi unayoyajua.

Saa zenyewe husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kiangazi tunawatangulia kwa saa mbili, wakati wa baridi kwa saa tatu. Ukisafiri siku za kubadilisha saa, hakikisha mara mbili muda wa ndege na wa treni.

Aprili na Mei: wakati wa kwenda mara ya kwanza

Mvua zinapungua, joto la mchana ni nyuzi 20 na ushei, miti imechipua na foleni bado ni za kuvumilika. Hiyo peke yake ingetosha kuwa sababu. Kwangu mimi sababu kubwa zaidi ni tarehe 25 Aprili.

Alfajiri ya siku hiyo mwaka 1974, maofisa wa jeshi la Ureno waliuangusha utawala wa kidikteta uliodumu zaidi ya miaka arobaini. Watu walitoka barabarani na kuchomeka maua mekundu kwenye mitutu ya bunduki za askari. Ua hilo wao huliita cravo, na neno hilo hilo la cravo ndilo wanalolitumia kuiita karafuu. Marcelo Caetano, waziri mkuu, alijisalimisha katika kambi iliyoko Largo do Carmo, uwanja mdogo wenye kivuli, ambapo leo unaweza kukaa ukanywa kahawa. Kila mwaka, mchana wa tarehe 25, maelfu ya watu huteremka Avenida da Liberdade na maua hayo mikononi, wazee kwa watoto. Jiunge nao. Mgeni hafukuzwi.

Msomaji wa Tanzania ana haki ya kusimama pale kama mtu anayehusika. Waliochosha jeshi la Ureno hadi maofisa wake wakageuka ni wapiganaji wa Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau. Chama cha ukombozi cha Msumbiji, FRELIMO, kiliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, wapiganaji wake wakapata mafunzo Kongwa na Nachingwea, na kiongozi wake Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, miezi kumi na minne baada ya siku ile ya maua. Kabla ya kwenda kwenye maandamano, pita makumbusho ya Aljube, jirani na kanisa kuu la Sé. Jengo hilo lilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Vyumba ni vyembamba na maelezo yake yanaeleweka hata kwa asiyejua Kireno.

Na kwa kuwa nimetaja gereza: neno letu hilo limetokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Utaona maneno ya aina hiyo kila kona ya mji, na mtoto uliyesafiri naye atafurahi kuyawinda. Mesa ni meza, bandeira ni bendera, copo ni kopo, vinho ni mvinyo, lenço ni leso. Ukiagiza chamuça utaletewa sambusa. Na ile piri-piri wanayomwagia kuku wa kuchoma ina udugu na pilipili yetu, safari hii neno likiwa limetoka Afrika kwenda kwao.

Mwisho wa Mei mijakaranda huchanua zambarau juu ya barabara, karibu na bustani ya Eduardo VII na kwenye Largo do Carmo. Mkazi wa Nairobi aliyezoea kuiona Oktoba atahisi mwaka umegeuzwa.

Wakatoliki wengi hufunga safari hii kwa ajili ya Fátima, kiasi cha kilomita 125 kaskazini mwa Lisbon, ambako sikukuu kubwa ni 13 Mei na 13 Oktoba. Basi huchukua kama saa moja na nusu. Ukitaka kulala Fátima kwenyewe tarehe hizo, weka nafasi miezi mingi kabla. Ukitaka kusali kwa utulivu, nenda siku nyingine yoyote.

Juni ni wa Mtakatifu Antoni

Yule tunayemwita Antoni wa Padua alizaliwa Lisbon mwishoni mwa karne ya 12, na watu wa huko hawapendi kusikia akihesabiwa Mwitaliano. Kanisa lake dogo liko hatua chache tu kutoka Sé, juu ya mahali panaposemekana palikuwa nyumbani kwao. Usiku wa kuamkia 13 Juni, sikukuu yake, mji mzima haulali. Vichochoro vya Alfama hujaa moshi wa sadini zinazochomwa kwenye mkaa, samaki wanene kuliko dagaa, wanaowekwa juu ya kipande cha mkate na kuliwa kwa mkono. Vikundi vya mitaa hushindana kwa nyimbo na mavazi barabarani. Wachumba hupeana kijichungu cha manjerico, na ukikinusa utajua mara moja: ni mrihani, ule ule unaosokotwa na asumini kwenye vikuba vya Lamu na Mombasa.

Usiku ule ni wa furaha kwelikweli, lakini si wa kila mtu. Umati huwa mzito kiasi cha kushindwa kugeuka, pombe ni nyingi, na mwenye hoteli Alfama hapati usingizi hadi alfajiri. Ukiwa na watoto wadogo au mzazi mzee, mle sadini zenu mapema, saa moja au saa mbili jioni jua likiwa bado liko juu, kisha mteremke mtoni.

Julai na Agosti

Joto la kawaida ni nyuzi 28, lakini kuna wiki linapopanda likapita 40. Ni joto kavu, si la unyevu kama letu, hivyo jasho hukauka kabla hujaliona na mtu huishiwa maji bila kujua. Maji ya bomba ni salama, beba chupa. Alasiri upepo wa kaskazini huvuma kwa nguvu, na mtu aliyetoka na fulana tu huanza kutafuta sweta saa mbili usiku. Ndiyo maana nakushauri ubebe leso. Itakufaa begani, ufukweni na juani, na jina lake limetoka huko huko unakokwenda.

Hoteli hupanda bei, ilhali migahawa midogo ya kifamilia hufungwa Agosti wenyewe wakienda likizo, kwa hiyo unalipa zaidi na kula vibaya zaidi. Kule mtaa wa Belém, kwenye mnara na nyumba ya watawa, watu hupanga foleni juani, uwanja mweupe wa mawe ukirudisha mwanga usoni. Kama huna budi kwenda miezi hiyo, fika Belém milango inapofunguliwa, rudi kivulini kabla ya saa sita mchana, lala kidogo kama wazee wetu wanavyolala, kisha utoke tena saa kumi na moja jioni. Bado utakuwa na saa tatu au nne za mwanga. Tramu namba 28, ile ya njano inayopanda kutoka Martim Moniz, ipande asubuhi na mapema, maana mchana utasimama kwenye foleni ndefu, na ukishaingia wezi wa mifukoni hupenda msongamano ule kuliko wewe.

Mtu wa pwani aliyezoea bahari ya uvuguvugu nampa onyo la pekee. Treni ya kutoka Cais do Sodré hukufikisha fukwe za Cascais kwa dakika 40 hivi, mandhari ni ya kupendeza, lakini Atlantiki ni baridi hata Agosti. Ingia taratibu, na usimsukume mtoto.

Septemba na Oktoba hazihitaji maneno mengi. Joto limetulia, bahari iko katika uvuguvugu wake wa juu kabisa, ambao bado si uvuguvugu, na watalii hawajapungua vya kutosha. Ni wakati mzuri kwa mwenye miguu mibovu, kwa sababu barabara ni kavu na jua si kali, na mji umejengwa juu ya vilima.

Novemba: wakati wa kurudi

Watu watakuambia Novemba ni mvua. Ni kweli, huo ni miongoni mwa miezi yenye mvua nyingi kuliko yote. Lakini mvua ya Lisbon huja na kuondoka, na katikati yake hupita siku kadhaa za jua laini ambazo wenyeji huziita kiangazi cha Mtakatifu Martini, kwa kuwa sikukuu yake ni 11 Novemba. Barabarani vigari vya kuchomea castanhas hutoa moshi mweupe kila pembe. Ni mbegu ngumu za kahawia, zikichomwa hupasuka, na ndani kuna nyama tamu ya unga unga kama kiazi kitamu. Huuzwa zimefungwa kwenye karatasi, na mikono iliyopata baridi hushukuru.

Tarehe 1 Novemba mji hukumbuka. Asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote mwaka 1755, makanisa yakiwa yamejaa na mishumaa imewashwa, tetemeko liliuangusha mji. Waliokimbilia mtoni kujiokoa walikutwa na mawimbi makubwa kutoka baharini, na mishumaa iliyoanguka ikawasha moto uliowaka siku kadhaa. Mtaa wa Baixa unaouona leo, wenye barabara zilizonyooka, ulijengwa upya chini ya usimamizi wa Marquês de Pombal, na ndani ya kuta za majumba yake mafundi walisuka fremu za mbao ili zichezecheze badala ya kuvunjika ardhi ikitikisika tena. Kanisa la Carmo, pale pale Largo do Carmo, halikuezekwa tena. Ingia humo baada ya mvua, usimame katikati ya nguzo, mawingu yakipita juu ya matao matupu. Hakuna maelezo ya kitabuni yanayokufikisha mahali pale.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Magharibi kidogo ya katikati ya mji, kwenye barabara iitwayo Rua das Janelas Verdes, yako Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale. Ndani yake kuna kitu cha dhahabu kinachoitwa Custódia de Belém, chombo cha kanisani cha kuwekea Ekaristi, kirefu karibu robo tatu ya mita. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti wakizunguka sehemu ya kioo, kila mmoja amepakwa rangi ya kung'aa, na juu yao nguzo nyembamba za dhahabu zinapanda kama kanisa zima limefinyangwa na vidole vya sonara. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente, na ilikamilika mwaka 1506.

Dhahabu yake ni ya Kilwa. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alifika Kilwa na meli za mizinga na kumlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, alipe kodi kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu aliyoifikisha Lisbon, mfalme Manuel aliamuru itumike kutengeneza chombo hicho. Hili si jambo la kubahatisha wala uvumi wa watembeza watalii: kwenye kitako cha chombo chenyewe kumezungushwa maandishi ya Kireno cha zamani yanayosema kwamba mfalme aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa. Na Quiloa ni Kilwa. Kabla chombo hakijakamilika, mwaka 1505, Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alikuwa ameshaishambulia Kilwa na kuipora, kisha akaichoma Mombasa.

Inama uyasome maandishi hayo, hata kama Kireno hukijui. Jina la mji wa pwani yetu limeandikwa kwenye dhahabu iliyokuwa yake, kwenye kabati la kioo, umbali wa ndege mbili kutoka nyumbani. Nimewahi kusimama pale Agosti na kusukumwa na kundi lililokuwa likiongozwa kwa bendera, tukapewa dakika moja. Novemba nilikaa muda nilioutaka, na mlinzi wa chumba akapita mara mbili bila kunisumbua. Hiyo ndiyo tofauti ya majira ninayoizungumzia. Majengo ni yale yale mwaka mzima. Kinachobadilika ni nafasi unayoipata ya kutazama na kufikiri.

Kutoka hapo panda tramu au basi hadi Belém ukaone pesa nyingine zilikokwenda. Nyumba ya watawa ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16, na ujenzi wake ulilipiwa na sehemu ya ushuru wa biashara ya Afrika na India. Mawe yamechongwa kamba, matumbawe na majani ya baharini, kazi nzuri ambayo sikusudii kuipunguzia sifa. Kaburi la Vasco da Gama liko karibu na mlango wa kanisa, ng'ambo ya kaburi la Luís de Camões. Novemba, siku ya kazi, unaweza kusimama kati ya makaburi hayo mawili ukasikia nyayo zako mwenyewe. Ukirudi nyumbani, ile nguzo ya Malindi yenye msalaba wa mawe utaiangalia kwa jicho jingine.

Desemba hadi Machi

Hapa ndipo narudi kwenye baridi ya ndani. Nyumba nyingi za zamani za Lisbon hazina mfumo wa kupasha joto, kuta zake ni nene na zenye unyevu, na ndani hupoa kuliko nje. Kabla ya kulipia chumba, uliza kwa maandishi kama kuna aquecimento, yaani kipasha joto, kwenye chumba cha kulala na si sebuleni tu. Beba nguo za kuvaa moja juu ya nyingine kuliko koti moja zito, na soksi za kulalia.

Miguu pia ina habari yake. Njia za waendao kwa miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe na vyeusi vilivyosuguliwa na karne za nyayo, na vikilowa huteleza kama sakafu iliyomwagiwa sabuni. Teremko la Alfama siku ya mvua limevunja viuno vya wengi. Viatu vya soli ya mpira yenye meno, basi. Viatu vya harusini vibaki kwa ajili ya harusi.

Usiku wa baridi ni wakati wa fado, nyimbo zilizozaliwa Alfama na Mouraria, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2011. Mpenzi wa taarabu ataielewa kabla ya kuelezwa, kwa sababu ni sauti ya mtu anayedai kitu ambacho hakitarudi. Adabu zake ni tofauti, hata hivyo. Taa hupunguzwa, uma na kisu hutulizwa, na hakuna anayezungumza hadi wimbo uishe. Usiinuke kwenda kumtunza mwimbaji. Makofi baada ya wimbo yanatosha.

Mouraria yenyewe ndiko Waislamu waliruhusiwa kukaa baada ya mji kutwaliwa na mfalme Mkristo mwaka 1147, na hata jina la Alfama ni la Kiarabu. Leo, karibu na Martim Moniz, migahawa ya Wabangladeshi huuza chakula cha halali kwa bei nafuu. Kwingineko uliza kwanza, maana nguruwe huingia hata kwenye supu ya mboga. Samaki ndio salama yako. Jaribu bacalhau, ng'onda wao wa chumvi anayelowekwa kisha kupikwa kwa namna nyingi mno. Mkate na zeituni wanazokutangulizia mezani si takrima. Usipozigusa hutozwi, ukizigusa utalipa.

Siku isiyo na mvua, tembea barabara ya Poço dos Negros. Jina lake, kisima cha Weusi, linatoka kwenye shimo ambalo mfalme Manuel aliagiza lichimbwe mwaka 1515 ili maiti za watumwa wa Kiafrika zitupwe humo badala ya kuachwa njiani. Ni mfalme yule yule wa chombo cha dhahabu. Leo kuna mikahawa ya vijana, na watu hupita wakicheka. Simama kidogo uwaombee marehemu, kwa dini yoyote uliyo nayo.

Viza na maandalizi

Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na hayapaswi kuchelewa chini ya siku 15. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari isiwe chini ya euro 30,000. Anayelenga kiangazi hushindania miadi na wanafunzi, watalii na wanaokwenda harusini. Anayelenga Novemba huomba Agosti au Septemba na kupumua kidogo. Kwa Aprili, anza mara tu baada ya mwaka mpya. Hotelini ongeza euro 4 kwa kila usiku, ushuru wa mji kwa wageni, usioenda zaidi ya siku saba. Nakala za viza, bima na hoteli zikae kwenye begi la mkononi, maana ofisa wa uhamiaji anaweza kuzitaka, na ndege yako ya kubadilisha njiani inaweza kutangulia kufika kuliko sanduku lako.

Kwenye maduka na mabasi, salamu hutangulia shida, kama kwetu. Bom dia asubuhi, boa tarde mchana. Asante ni obrigado ukiwa mwanamume, obrigada ukiwa mwanamke.

Ukishapata tarehe zako, ziangalie kwenye kalenda kabla hujalipa chochote. Makumbusho ya Rua das Janelas Verdes hufungwa kila Jumatatu, na Jerónimos vilevile. Siku zako zote nyingine zipange upendavyo, ila dhahabu ya Kilwa itengee Jumanne au siku yoyote baada yake.